Risala ya Wajenzi wa Njia ya Waoga

Mgeni rasmi, mheshimiwa;
Wageni mliobahatika kupata turubai, na ninyi mlioachiwa jua;
Waendesha baiskeli mliopanga mstari tangu asubuhi mkitutazama kama tunawachelewesha, na ni kweli;
Majirani wa huku Juu, na ninyi wa Ng'ambo mnaotusikia kwa kipaza sauti:

Salamu kwenu nyote. Kabla hatujaingia ndani, tueleze jambo moja ili lisije likawachanganya. Sauti mnayoisikia ni ya Mama Fagio, mfagizi wa shule yetu, lakini maneno ni yetu sote. Tulimpigia kura asome kwa sababu ana sauti ya kumwita mtoto aliye upande wa pili wa bonde, na mtoto akarudi na viatu vyote viwili. Sababu nyingine ni kwamba mengi yaliyomo humu yanamhusu yeye. Angesoma mwingine, Mama Fagio angemkatiza kila mstari kwa kusema, "Muongo huyo!" Sasa akitaka kubisha abishane na mdomo wake mwenyewe. Tumemkataza kuruka sentensi, na mwenyekiti wetu, Kinyozi, amesimama nyuma yake na nakala ya pili, anafuata kwa kidole.

KARIBU

Karibu sana, mheshimiwa. Kiti ulichokalia ndicho kizuri kuliko vyote mtaani. Kimetoka sebuleni kwa Kinyozi, na mke wake ametuomba tukuambie kwamba kinarudi leo leo. Tunajua una shughuli nyingi, kwa hiyo tutakuwa wafupi. Tunajua pia kwamba kila risala uliyowahi kusomewa ilianza na ahadi hiyo.

TULIKOTOKA

Hapo zamani, na si zamani sana, kutoka hapa Juu kwenda Ng'ambo kulikuwa na njia ya miguu. Ulikuwa unateremka na ndoo yako mkononi, unavuka kijito kwa gogo, unapanda, na jasho halijakutoka umeshafika. Ukisahau chumvi, mtoto anatumwa Ng'ambo kuazima na maji hayajachemka jikoni. Watu walioana kwa njia ile, wakakosana kwa njia ile, na wakarudi kuombana radhi kwa njia hiyo hiyo.

Ikaja mvua ile mnayoijua. Mteremko ukaporomoka, ukachukua njia, ukachukua gogo, ukachukua na kibanda cha Fundi Pancha, anayeziba mipira ya baiskeli. Fundi mwenyewe alinusurika kwa kuwa alikuwa nyumbani amelala, wakati mkewe akijua yuko kazini. Uvivu wake umeshasamehewa na sisi sote, isipokuwa mkewe.

Tangu siku ile, mtu wa Juu akitaka kwenda Ng'ambo ashuke hadi barabara kuu, apande basi la mjini, ashuke, apande basi lingine linalozunguka mlima kwa nyuma. Jogoo wa Ng'ambo akiwika unamsikia ukiwa kitandani, lakini kumfikia ni nusu siku. Tukaandika ofisini kwako. Tukajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Tukaandika tena, mchakato ukawa bado unaendelea. Siku moja wewe mwenyewe ulikuja, ukapanda juu ya meza pale penye bomba la maji, ukasema, "Njia hii naibeba mimi, kichwani!" Tulipiga makofi mpaka meza ikatikisika. Mheshimiwa, hatusemi uliidondosha. Tunasema tu kwamba kichwa cha mkubwa kina mizigo mingi, na huenda hii ilikaa chini kabisa.

Sasa tumtaje Mama Fagio, na tunamwomba asome taratibu bila kumung'unya.

Mama Fagio ana dada yake, tumbo moja, kitanda kimoja utotoni. Mdogo akaolewa huku Juu, mkubwa akaolewa Ng'ambo. Dada Mkubwa alikuwa fundi cherehani, na nusu ya sare za shule mnazoziona hapa zimepita chini ya sindano yake. Wawili hawa hawakuwahi kuhitaji simu. Jioni mmoja anasimama barazani kwake na mwenzake barazani kwake, wanapigiana kelele kuvuka bonde, na mtaa mzima unajua nani ameunguza maharage na nani hasalimiani na wifi yake.

Kisha Dada Mkubwa akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Majirani wa Ng'ambo ni watu wema, wakawa wanampikia na kumfulia. Lakini kwenye kuoga, mama akakataa katakata. "Aliyeniona nikioga ni mdogo wangu tu," akasema, "nisianze leo kuonyesha wapya." Basi Mama Fagio akawa anakwenda kwa mabasi yale mawili kila Jumamosi, maana siku nyingine yuko shuleni na fagio. Jumamosi dada yake anaoga. Siku zinazobaki anamngoja.

Kuna siku tulimkuta Mama Fagio nyuma ya darasa, anakung'uta fagio ambalo halina vumbi. Tukamuuliza kulikoni. Akasema, "Dada yangu alikuwa anapiga pasi mpaka kitambaa cha kufutia meza. Leo hii, ikifika Alhamisi, dada yangu ananuka, na anajua kwamba ananuka." Akalia. Alituomba tuliondoe hili kwenye risala, na sisi tulikataa, kwa sababu bila hili mheshimiwa ungedhani tulichimba mlima kwa kupenda michezo.

Maana sasa ndipo walipotokea watu wa baiskeli. Walikuwa wanatafuta mahali pa mbio ndefu za mlimani, zile za kuanza alfajiri na kuzunguka mpaka jua lizame au mtu azimie. Wakasimama hapa, wakautazama mteremko wetu ulioporomoka, wakashikana mikono kwa furaha. "Pazuri ajabu!" wakasema. Sisi tukatazamana. Kilema chetu kimepata mchumba.

Wakaenda ofisini kwako kuomba kibali cha kuchonga njia. Mheshimiwa, chai tuliyowawekea iliwakuta bado ya moto. Kibali kilitoka na mhuri wake, na sahihi yako, na wino haujakauka vizuri. Wahenga walisema penye nia pana njia. Hawakutuambia kwamba ukisema mgonjwa, kuna mchakato. Ukisema mjamzito, kuna mchakato. Ila ukisema baiskeli, mhuri unajigonga wenyewe.

Tukajifunza. Watu wa mbio walipouliza nani atajitolea kuchimba, Mama Fagio aliinua mikono yote miwili.

"Mama, unaendesha baiskeli?" wakamuuliza.

"Naendesha toroli," akajibu. "Tofauti ni gurudumu moja."

Nasi wengine tukajiandikisha nyuma yake. Tukiri hapa mbele yako kwamba katika kikundi chetu chote mwenye baiskeli ni Fundi Pancha peke yake, na baiskeli yake haina mnyororo.

TULIYOYAFANYA, PAMOJA NA LILE TULILOLIHARIBU

Mheshimiwa, tulifanya kazi. Tulichimba kwa sululu na mitaimbo, tukakata mteremko ubavuni ili maji yasipate pa kukimbilia, tukachonga mifereji, tukajenga daraja la mbao juu ya kijito, na Kinyozi akavunjika kucha mbili ambazo amezitaja kila siku hadi leo. Mama Fagio alikuwa anakuja akitoka shuleni, bado na kitambaa kichwani, anashika koleo mpaka giza linapomfukuza.

Watu wa mbio walituachia mchoro, wakaenda zao kutafuta wafadhili. Kwenye mchoro palikuwa na alama nyingi za mawe. Sisi tuliona alama za mawe tukaelewa kama mtu yeyote mwenye akili anavyoelewa, yaani, hapa kuna mawe, yatoeni.

Mama Fagio hasa. Mtu aliyefagia shule miaka yote ile, jiwe njiani kwake ni tusi. "Wageni watapita hapa," akasema, "sasa wageni wapite kwenye mawe? Tutazungumzwaje?" Tukayatoa. Makubwa tuliyabingirisha kwa mitaimbo mpaka kijitoni, madogo tukayapaka chokaa tukayapanga pembeni, huku na huku. Mizizi tukaifukia. Penye mwinuko tukachonga ngazi. Penye ukingo tukaweka mkono wa miti wa kushikilia. Katikati ya njia, mahali ambapo magoti huanza kulalamika, tukaweka benchi. Na kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Mama Fagio alikuwa anaifagia yote, juu mpaka chini.

Fundi Pancha alijaribu kusema. Tumpe haki yake. Alisema, "Jamani, mimi nadhani baiskeli hizi zinapenda mawe."

"Yako haina hata mnyororo," Mama Fagio akamjibu. "Wewe utajua zinapenda nini?"

Akarudi kwenye sululu yake.

Ikafika siku ya mkaguzi wa mbio. Alikuwa mwembamba, kavaa suruali ya kubana hadi tukamwonea huruma. Tulijipanga pande mbili za njia tukiwa tumeoga, tunasubiri kusifiwa. Akapanda baiskeli yake, akateremka. Hakushika breki hata mara moja. Akarudi akiikokota, akakaa kwenye benchi letu, akavua helmeti.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Benchi," tukasema.

"Naona ni benchi. Kwenye mbio, benchi la nini?"

"La kupumzikia," akasema Mama Fagio. "Kwani hao si watu?"

Mkaguzi akashika kichwa. "Mama yangu, hawa watu wanatoka mbali. Wamejiandaa mwaka mzima, wamelipa nauli, wamewaacha watoto, ili waje hapa wateseke. Na ninyi mmewaondolea mateso yote! Ngazi! Chokaa! Mkono wa kushikilia! Hii ni njia ya bi harusi!"

Mheshimiwa, tumewahi kulaumiwa kwa mengi, lakini kulaumiwa kwa kuwaondolea watu mateso ilikuwa mara ya kwanza.

"Mawe yangu yako wapi?" mkaguzi akauliza.

"Kijitoni," tukasema.

"Yarudisheni."

Na tuliyarudisha. Jiwe kushuka linabingirika lenyewe kwa furaha. Kupanda linataka kubebwa kama mkwe. Tuliyapandisha kwa toroli, kwa kamba, kwa migongo, kwa matusi ambayo hayawezi kusomwa mbele ya watoto. Mama Fagio alikuwa analishika kila jiwe alilolitupa kwa mikono yake, analitazama, anasema, "Haya, rudi basi, kumbe unapendwa," na analiweka palipoandikwa. Alikuwa anatania, lakini sisi tulimwona uso. Maana wiki zote zile njia ilipokuwa safi alikuwa anashuka jioni na beseni, sabuni na taulo begani, anavuka daraja, na Dada Mkubwa anaoga kila siku ya Mungu. Sasa kila jiwe alilolipandisha lilikuwa linamfungia mlango. Alishajaribu kushuka juu ya mawe yale na beseni, akaanguka mara mbili. Mara ya pili alikaa pale pale chini, hakuinuka mpaka tulipomfuata.

Kesho yake akamfuata mkaguzi.

"Baba, nikuulize. Mtu akifika kwenye haya mawe akaingiwa na hofu, anafanyaje?"

"Kila mahali pabaya pana njia ya pembeni," mkaguzi akamwambia. "Ndiyo kanuni, kwa usalama. Aliyeishiwa moyo anapita huko. Wenzake watamcheka, lakini atafika. Tunaiita njia ya waoga."

Mama Fagio akaweka chini koleo. "Hiyo kanuni inakataza njia ya waoga isifagiwe?"

"Haikatazi."

"Inakataza ngazi?"

"Hai... haijasema."

"Na benchi?"

Mkaguzi akakuna kichwa. Alikuwa ameanza kunusa mtego, lakini alikuwa mtu mkweli. "Hakuna neno benchi mahali popote."

"Na hapa kwetu, mahali pabaya ni pangapi?"

Mkaguzi akautazama mlima kutoka juu mpaka kijitoni. "Mama, kwenu hapa pabaya ni pote."

"Basi mwoga wa hapa," akasema Mama Fagio, "anahitaji njia kuanzia juu mpaka chini."

Kwa mwoga huenda kicheko, mheshimiwa, na kwa shujaa huenda kilio. Siku ile sote tulijiandika waoga. Tulichimba ya pili ubavuni mwa ile ya kwanza, tukahamisha ngazi, tukahamisha mkono wa kushikilia, tukalibeba benchi. Mkaguzi alirudi akaikagua, akacheka mpaka suruali ikatishia kumwacha, akaipasisha. Leo ukitazama utaona njia mbili zinateremka bega kwa bega. Moja ina mawe kama mdomo wa mamba. Nyingine imefagiwa. Na wakati wa mazoezi wiki iliyopita tuliwaona vijana wenye misuli wakianzia kwenye mawe na kumalizia kwenye benchi. Hatutaji mtu. Wapo hapa, na wameanza kutazama viatu vyao.

Mafanikio mengine ni haya. Watoto wa Ng'ambo wanafika shuleni na viatu vikavu, na Mama Fagio amepungukiwa na matope ya kufagia, jambo analolalamikia kana kwamba ameibiwa. Mkunga amevuka na mkoba wake na kukuta mtoto bado anamngoja. Mume na mke waliokuwa wamesusiana tangu maporomoko, mmoja amekwama kwa mama yake huku na mwingine kule, wamepatana. Walikuwa wanasingizia njia.

Na Dada Mkubwa anaoga kila jioni. Hatuhitaji kuambiwa, tunasikia.

"Unanisugua kama sakafu ya darasa la kwanza!"

"Ungetulia ningekuwa nimemaliza."

"Sabuni imeniingia machoni!"

"Si nilikwambia fumba?"

Mtaa mzima ukisikia hivyo unajua siku imekwisha salama. Mama yule ameanza kushika tena sindano kwa mkono wa kushoto. Utepe mtakaoukata kule mwishoni mwa mbio ameushona yeye. Umepinda kidogo, na atakayesema umepinda atajibizana nasi.

CHANGAMOTO

Hazikosekani. Sululu zetu zina tabia ya kuruka vichwa, na kimoja kilimkosa Kinyozi kidogo tu. Akapata la kusema mbali na kucha. Mbuzi wa mtaani wameipenda njia kuliko waendesha baiskeli, na wao hawataki kujua nani mwenye haki ya kupita. Benchi limekaliwa na wapenzi mpaka wazee hawapati nafasi.

Lakini hizo ni za kujikaza. Iko moja ambayo hatuna nguvu nayo. Kibali chetu kinakufa kesho jioni. Ofisi yako imeagiza kwamba mbio zikiisha, daraja livunjwe, midomo yote miwili ya njia izibwe kwa mawe, na mlima urudishwe katika hali yake ya awali. Tulituma watu dirishani kwenu kuuliza awali ipi, maana awali ya hapa, kabla ya maporomoko, ilikuwa ni njia. Karani akasema, "Swali zuri sana," akafunga dirisha.

Tukaambiwa pia sababu. Eti miguu ya watu wengi inaharibu mlima. Mheshimiwa, baiskeli mia na zaidi zitateremka hapa leo kutwa nzima kwa kishindo, zikirusha udongo hadi kwenye supu za watu, na hizo haziharibu. Kinachoharibu ni ndara za Mama Fagio. Tulipolisikia hilo tulicheka. Halafu tukaacha kucheka, tukarudi nyumbani kila mtu na lake.

OMBI

Desturi ya risala ni kuomba mengi ili upewe kidogo. Nasi tulianza hivyo. Kinyozi alitaka tangi la maji. Fundi Pancha alitaka kibanda, na mnyororo kama utabaki. Mtu mmoja ambaye hatumtaji aliomba mipira ya timu ambayo hatuna. Tukakaa kikao, tukabishana mpaka chai ikaisha, mwisho tukafuta yote.

Tunaomba jambo moja. Njia ya waoga na daraja lake viachwe wazi kwa miguu, baada ya mbio na siku zote. Ukarabati tutafanya wenyewe, koleo tunazo, fagio lipo. Hatukuombi ulete kitu, hatukuombi ujenge kitu. Tunakuomba tu usifanye kitu, na tunaamini kwa hilo ofisi yako ina uzoefu wa kutosha.

TUNAPOFIKIA MWISHO

Mheshimiwa, kabla hujasimama, lipo dogo la kukufahamisha. Ratiba inasema utapunga bendera hapa, kisha utakwenda kwa gari kuzunguka hadi Ng'ambo, kutoa zawadi jioni. Gari lako limeshaondoka. Liliondoka wakati Mama Fagio anasoma habari za mawe, na wewe ulikuwa unacheka, ndiyo maana hukulisikia. Dereva wako usimgombeze. Mama mkwe wake anakaa Ng'ambo na alikuwa ameanza kununa kwa kutotembelewa. Sisi ndio tuliomwambia kwamba umechagua kushuka kwa miguu. Huo ni uongo, tunakuomba radhi. Lakini ukisimama tu ukapiga hatua ya kwanza, utakuwa umetuondolea dhambi.

Raba zipo chini ya kiti chako. Kinyozi alikadiria mguu wako kwa jicho, na kama zitabana umlaumu yeye. Waendesha baiskeli wamekubali kungoja mpaka uvuke. Mama Fagio atatangulia, akikunja tu karatasi hii. Ukishikwa na hofu, mkono wa miti uko kushoto kwako. Ukichoka, kwenye benchi tumewafukuza wapenzi.

Ukishavuka daraja na kupanda kidogo utamkuta Dada Mkubwa kwenye kiti karibu na utepe. Ameoga asubuhi hii, amevaa gauni lililopigwa pasi, na ataweza kukupa mkono wa kushoto tu. Upokee, si kwa dharau anautoa.

Na hapa, mheshimiwa, msomaji wetu alitusihi sana tusiandike, ila kura ilipita. Dada Mkubwa hajui habari za kesho. Anajua njia ikifunguka, basi imefunguka. Juzi amemwagiza mdogo wake beseni kubwa zaidi, akisema hili la sasa halitoshi kwa miaka yote iliyobaki. Wiki hii yote Mama Fagio ameshuka kila jioni akiwa ameapa kwamba leo ninamwambia. Amemwogesha, amemkausha, amemvika, wamegombana kuhusu sabuni, na amepanda mlima bila kumwambia. Tulimtuma Kinyozi, mwanamume mzima, mwenyekiti. Akarudi amekunywa chai vikombe viwili na hakusema neno. Akaenda Fundi Pancha, akaishia kumtia uzi kwenye sindano. Sote tumeshindwa. Njia haikuitwa ya waoga bure.

Basi kama ni lazima ifungwe, tunakuomba umwambie wewe. Agizo ni lako, sahihi ni yako, na sauti yako inasikika kuliko zetu. Umwambie ukiwa umemshika mkono ule, umtazame usoni, umwambie kwamba kuanzia kesho jioni mdogo wake hatakuja. Sisi tutasimama nyuma yako kimya, hatutakuingilia hata kidogo.

Na kama maneno yatakukwama nawe, ukajikuta unamsifia utepe, ukaomba chai, usione haya. Utakuwa umeshakuwa mwenzetu, na karibu sana kikundini.

Mungu akujalie magoti ya kuteremka na pumzi ya kupanda, awafikishe waendesha baiskeli na meno yao yote, awape wagonjwa wetu watu wa kuwashika mkono, na mvua atakayotuletea mwaka huu iwe ya mahindi, isiwe ya mlima.

Ni sisi wako,

Waoga wa Juu na Ng'ambo, wa kujitolea.